Babu aliniomba picha ya treni

Mpenzi msomaji, hebu weka kikombe cha chai chini kidogo unijibu swali hili. Nyumbani kwako mna picha ngapi za mahali ambapo hapapo tena? Sisemi picha za harusi, za ubatizo wala za siku ya kufuzu chuoni, maana hizo hatuzikosi. Nasema picha ya duka mlilokuwa mkitumwa sukari, ya kisima cha kijijini, ya darasa la udongo alikosomea mama yako. Nenda ukafungue albamu utafute. Huenda ukarudi mikono mitupu.

Leo nataka nikusimulie habari za picha moja tu, ambayo nusura nisiipige, na ambayo nilipoipiga sikujua nimepiga nini.

Babu yangu, baba yake mama, alifanya kazi ya reli kwa miaka thelathini, tangu 1958 hadi 1988. Hakuwa dereva wala stesheni masta. Alikuwa mtu wa gengi. Hao ndio waliokuwa wakitembea juu ya njia ya reli kutwa nzima na nyundo na spana, wakikaza boliti, wakishindilia kokoto chini ya mataruma na kuangalia kama jua limeipinda reli. Abiria aliyekuwa akinywa chai ndani ya behewa la chakula hakujua jina hata la mmoja wao. Lakini bila wao chai hiyo ingemmwagikia.

Sehemu kubwa ya miaka hiyo Babu aliishi katika kituo kidogo cha reli upande wa Mackinnon Road, ndani ya nyika ya Taru. Kilikuwa na jina lake rasmi, lakini watu wa gengi walikiita Tangini, kwa sababu ya tangi la maji lililosimama hapo juu ya nguzo za zege. Kando ya tangi palikuwa na kijumba cha stesheni, safu moja ya nyumba za wafanyakazi na mibuyu. Basi. Ukivuka hapo ni vichaka vya miiba hadi macho yanapokoma.

Usishangae kwamba watu walikiita kituo kwa jina la tangi. Wajenzi walioanza kuitandaza reli kutoka Mombasa mwaka wa 1896 walipoingia nyika ya Taru hawakukuta mto. Maji yao ya kunywa yaliletwa kwa treni, ile ile reli waliyokuwa wakiijenga. Kazi hiyo ilifika ziwani Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Baadaye, enzi za injini za mvuke, maji yalikuwa ndiyo uhai wa safari. Babu alipoajiriwa alizikuta zile injini kubwa za aina ya Garratt, 34 kwa jumla, zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ukitaka kuiona mojawapo, iitwayo Mount Gelai, nenda na watoto katika Makavazi ya Reli hapa Nairobi. Simama kando ya gurudumu lake, kisha ufikirie mtu aliyekuwa akihakikisha njia inaubeba mzigo huo kila siku.

Pasaka ya mwaka wa 2012 nilikwenda Kibwezi kumwamkia Babu. Wakati huo nilikuwa nikisomea diploma ya uandishi wa habari. Presha ya macho ilikuwa imelifunga jicho lake moja, na la pili daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba litafuata. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe aliponiuliza:

"Mjukuu wangu, wewe si unasomea mambo ya magazeti?"

"Ndiyo, Babu."

"Basi niletee picha ya treni ya abiria ikipita Tangini. Nataka kuiona kabla jicho hili halijafunga."

Katika miaka yake yote thelathini kazini, Babu hakuwa na picha hata moja ya mahali alipoishi. Kamera ilikuwa kitu cha wakubwa. Isitoshe, siku zile kupiga picha stesheni bila ruhusa kulikuwa ni kujitafutia kesi. Nilimwambia nitampelekea. Nilisema ndiyo jinsi sisi vijana tunavyosema ndiyo kwa wazee, huku mawazo yamekwisha kupanda matatu ya kurudi mjini.

Mwezi ukapita, ukaja mwingine. Mama alinipigia simu mara mbili kuniuliza. Mwezi wa Agosti niliona haya, nikaazima kamera ya zamani ya mjomba, ile ya kutia filamu, nikanunua filamu ya picha 36 na kupanda basi la usiku la Mombasa.

SAFARI YA KWANZA

Basi lilinishusha Mackinnon Road kabla ya alfajiri, mbele ya ule msikiti maarufu ulio kando ya reli. Ndani yake mna kaburi la Sayyid Baghali Shah, mfanyakazi wa reli kutoka Punjab. Inasimuliwa kwamba karai lake la zege lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Hadi leo kuna madereva na abiria wanaosimama hapo kuomba dua ya safari njema. Nilinawa uso kwenye bomba lililokuwa karibu, nikatafuta bodaboda hadi Tangini.

Treni ya abiria siku hizo ilikuwa ikiondoka Nairobi saa moja jioni, mara tatu kwa wiki, ifike Mombasa asubuhi. Kwa hesabu zangu ingepita Tangini jua likichomoza. Nilingoja. Saa moja ikapita, saa mbili, saa tatu. Mama mmoja aliyekuwa na beseni la mahamri na mayai ya kuchemsha alinicheka.

"Mwanangu, hii haina saa. Ikija ndiyo imefika."

Ilikuja saa nne unusu. Nilipiga picha kama askari aliyevamiwa. Nilirudi Nairobi nikijiona bingwa, nikapeleka filamu kwa fundi wa studio mtaa wa River Road aioshe. Siku ya pili alinikabidhi ukanda mtupu.

"Kijana, filamu hii haikusogea hata kidogo," akasema. "Haikushika meno ya kamera."

Nilikuwa nimebofya mara 36 na hakuna kilichoingia. Nauli ilikuwa imekwenda, siku mbili za masomo zimekwenda, na Babu alikuwa akiulizia. Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba nilifikiria kumpelekea picha ya treni yoyote niliyoikata gazetini. Niliwaza: macho yenyewe yamefifia, atajuaje? Wazo hilo lilikaa nami wiki nzima. Sijui ningefanya nini kama mama hangenipigia simu tena kuniambia kwamba Babu amemwaga uji mezani akidhani kikombe kipo.

SAFARI YA PILI

Oktoba nilirudi. Safari hii fundi wa River Road alikuwa amenifundisha jambo dogo ambalo lingeniokoa mara ya kwanza: ukisogeza filamu kwa kidole, tazama kile kishikizo cha kurudishia filamu upande wa kushoto. Kikizunguka, filamu inakwenda. Kisipozunguka, unajidanganya.

Nilipofika Tangini nilimkuta mzee mmoja mlinzi mwenye rungu na koti la jeshi.

"Nani amekuruhusu kupiga picha hapa?" akaniuliza.

Nilimwamkia shikamoo, kisha nikamweleza habari za Babu na kumtajia jina lake. Mzee alinyamaza kitambo.

"Wa gengi?"

"Naam, Mzee."

"Basi simama kule mbuyuni. Ipigie kule."

Nilitazama alikonionyesha. Mbuyu ulikuwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi, na mbele yake mlikuwa na kuta zilizopasuka, kamba ya nguo na jaa la majivu. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba picha nzuri haina takataka. Aidha, treni ya Nairobi huja ikielekea kusini mashariki, kwa hiyo asubuhi jua huipiga usoni. Ukisimama mbele yake jua likiwa mgongoni mwako, injini inang'aa. Nilimshukuru yule mzee kwa adabu, nikampuuza. Nilitembea hatua themanini hivi kuelekea upande wa Nairobi hadi mahali reli inapopinda, ambapo nyuma ya treni pangekuwa na vichaka na anga peke yake.

Saa tatu kasoro nikasikia honi. Kwanza ukaja mtetemo, kisha taa, kisha injini ya dizeli ikajipinda polepole na mabehewa yake. Watoto walikuwa wametoa mikono madirishani. Mimi nilikuwa nje ya njia, kando kabisa, nikibofya na kutazama kishikizo kikizunguka. Treni ilinipita, ikapunguza mwendo na kusimama dakika moja hivi kituoni.

Nilikuwa nimebakiwa na picha moja. Nikageuka nikaibofya kuelekea kituoni, jua likinipiga machoni, ili tu niimalize filamu niitoe. Hata sikulenga vizuri. Treni ikapiga honi, ikaondoka.

Desemba nilipeleka picha Kibwezi. Nilikuwa nimesafishia tatu za injini kwa ukubwa wa daftari. Babu alizipokea kwa mikono miwili, akasogea dirishani na kuzikaribisha kwenye jicho lake zima hadi zikagusa pua.

"Treni nzuri," akasema. "Lakini hii ni wapi?"

"Tangini, Babu."

"Ninyi mtajua kwa kuambiwa. Mimi hainiambii."

Niliinamisha kichwa. Alikuwa na haki. Injini ile ingeweza kuwa popote kati ya Nairobi na Mombasa. Ndipo nikatoa bahasha ya picha ndogo ndogo, nikampa ile ya mwisho kwa kusitasita, maana ilikuwa imefifia kwa jua na imekaa upande. Ndani yake ulikuwemo mkia wa treni, yule mama wa mahamri akiinua beseni dirishani, nguzo za tangi, nyumba mbili za wafanyakazi na, kulia, mbuyu wenye matawi mawili kama mtu aliyeinua mikono.

Babu hakusema neno kwa muda mrefu. Kidole chake kilikuwa juu ya mbuyu.

"Mjomba wako mkubwa yuko hapa," akasema.

Mimi najua wajomba wawili tu. Huyu alikuwa kifungua mimba wa Babu na Nyanya. Mwaka wa 1963, akiwa na umri wa miaka miwili, alishikwa na homa kali usiku pale Tangini. Hapakuwa na gari. Treni ya kwenda Voi, kulikokuwa na hospitali, ilikuwa ipite alfajiri. Mtoto hakufika alfajiri. Watu wa gengi walimchimbia kaburi kwa makoleo yao ya kokoto, hatua tatu kutoka shina la mbuyu, upande wa tangi. Mama yangu alizaliwa baadaye, na hakuwahi kuambiwa.

"Kwa nini hukunieleza, Babu? Ningekwenda moja kwa moja pale mbuyuni."

"Ungeniletea picha ya mti. Treni ndiyo iliyokuwa ikimpitia kila siku. Nilitaka kujua kama bado inampitia."

Zile picha tatu kubwa alizigawa kwa majirani. Ile ndogo aliitia ndani ya kitambulisho chake.

Nadhani waijua methali isemayo usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliisoma shuleni nikaijibia mtihani, lakini siku hiyo ndipo nilipoielewa. Treni ndiyo msala upitao. Tangini ndio uliokuwa mbacha wetu, nami niliupa mgongo kwa sababu ya jaa la majivu.

TANGINI HAIPO TENA

Jicho la pili la Babu lilifunga mwaka wa 2014. Mwezi wa Aprili 2017 treni ya abiria ya reli ile kongwe, yenye upana wa milimita 1,000, ilifanya safari yake ya mwisho kati ya Nairobi na Mombasa. Tarehe 31 Mei mwaka huo reli mpya ya upana wa milimita 1,435 ikazinduliwa. Sisemi kwamba hilo lilikuwa jambo baya. Safari iliyokuwa ikichukua usiku mzima na kipande cha asubuhi sasa ni ya saa tano au sita, nami huipanda kwa furaha. Lakini treni mpya, hata ile inayosimama njiani, ina vituo saba tu kati ya miji hiyo miwili: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Vile vituo vidogo vya zamani havikuaga mtu.

Babu alifariki mwanzoni mwa 2018. Mwaka uliofuata, mama alisema hawezi kukaa tena bila kufika alipolazwa kaka yake. Tukaondoka, yeye, mjomba na mimi, na ile picha ndani ya kitabu cha nyimbo.

Msomaji, sikupatambua. Mabati ya kijumba cha stesheni yalikuwa yameng'olewa, na milango, na madirisha, na ubao wa jina. Tangi lilikuwa limechukuliwa, zikabaki nguzo mbili za zege zilizokatika magotini. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa vifusi vilivyofunikwa na miiba. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya reli. Mama wa mahamri hakuwepo, wala mlinzi. Mibuyu, ambayo kumbukumbu yangu ilikuwa ikiniambia ni mmoja, ilikuwa mitatu, na wote walikuwa na matawi mawili yaliyoinuka.

Mama alikaa juu ya jiwe. "Ni upi?" akauliza.

Ndipo nikaitoa picha. Nilirudi pale reli inapopinda, nikaishika mbele ya macho yangu na kuanza kusogea, hatua kulia, hatua nyuma. Katika picha nguzo ya mbele ya tangi ilikuwa imeificha nusu ya nguzo ya nyuma. Nikasogea hadi nguzo zile zilizokatika zikafichana vile vile. Kisha nikatazama kulia kwa kiasi kile kile. Mbuyu wa katikati ulikuwa pale, na kovu lake refu upande wa kushoto kama lilivyo katika picha. Mjomba alihesabu hatua tatu kutoka shinani kuelekea tangi. Palikuwa na mawe manne yaliyozama ardhini, ambayo hayakujipanga yenyewe.

Tulipalilia, tukayapaka mawe chokaa, tukaomba. Mama alizungumza na kaka yake kwa lugha ya nyumbani. Tuliporudi tulipita Mackinnon Road, dereva akasimama mbele ya msikiti. Kaburi la yule mjenzi wa reli wa zamani lina taa na mazulia, na la mtoto wa mtu wa gengi lina mawe manne. Sasa yote mawili yanajulikana yalipo.

Ndiyo sababu leo nina ombi kwako. Mchana huu, au likizo ijayo mkienda mashambani, chukua simu yako, maana siku hizi kamera unayo mfukoni na filamu haikudai kitu. Kabla ya kumpiga picha mzee, muulize anataka picha ya nini, kisha muulize kwa nini, na umpe muda wa kujibu. Usipige gari, jengo au mtu peke yake. Rudi nyuma hatua ishirini ili vitu visivyohama, kama mti, nguzo, kilima na pembe ya nyumba, viingie. Hivyo ndivyo vitakavyomwongoza mjukuu wako. Usifagie jaa wala kuondoa kamba ya nguo. Ukiwa karibu na reli, kaa mbali na njia na uombe ruhusa kwa wahusika. Halafu, picha ikishatoka, iandike nyuma kwa penseli: mahali, mwaka, majina, na ulisimama wapi. Picha zilizomo ndani ya simu chagua kumi uzisafishe, kwa sababu simu huibwa, huanguka majini na huzima.

Wewe mwanafunzi, ikiwa babu au nyanya yako aliwahi kuwa wa gengi, kuuza mayai madirishani au kuinua kibendera, muulize habari za kituo chake jioni hii. Usiseme utamuuliza Krismasi. Mimi nilichukua miezi minane kutimiza neno nililolisema kwa pumzi moja, na jicho la Babu lilikuwa likihesabu siku.

Ile picha sasa inakaa kwa mama, imefifia vile vile na imekaa upande. Amekataa nisiisafishie nyingine iliyonyooshwa.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaaliwa.